Siku Chicago Ilipofika Mwanda

Treni ya polepole kutoka Mombasa, ile iliyobeba watu, mbuzi na mapipa ya mafuta pamoja, ilisimama Voi kwa mshindo, na Mzungu mmoja mrefu akashuka upande usiofaa. Wenzake wote waliteremkia jukwaani. Yeye aliteremkia kwenye kokoto, katikati ya reli na reli, huku ameikumbatia redio kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Akatazama upande mmoja: vumbi jekundu, miiba, na nyika iliyokwenda mpaka macho yakachoka. Akatazama upande wa pili: milima ya Taita imejifunika mawingu, mibichi, kana kwamba ni nchi nyingine iliyowekwa pale kwa makosa.

Mahali pageni huanza kuwa mahali pale mtu wa kwanza anapokusemesha. Wa kwanza kumsemesha yule Mzungu alikuwa muuza mboga aliyesimama jukwaani na vikapu vyake.

"Bwana, hapo injini inageukia," alimwambia. "Panda huku juu kabla hujawa mchuzi."

Mzungu alicheka, kisha akajibu kwa Kiswahili cha Tanga, laini kuliko cha yule mwanamke mwenyewe, hata wachuuzi wengine wakageuka. "Nipe mkono basi, mama. Na hiyo karoti pia."

Karoti aliifutia kwenye suruali akaitafuna pale pale, na udongo wake. Mwanamke akaamua kwamba huyu hakuwa Mzungu wa kawaida.

Mwanamke huyo aliitwa Jedidah Mkamburi, na wote waliomjua walimwita Mama Loise, kwa jina la bintiye wa kwanza. Alizaliwa Mwanda, huko juu kabisa milimani, akasoma shule ya misheni mpaka alipojua kusoma Biblia na kubishana na mwalimu, akaolewa Mwanda huhuko. Mumewe, Donald, alikuwa akifanya kazi kwenye mkonge upande wa Mwatate, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi akinuka katani. Shamba lilikuwa la Jedidah. Kabichi, karoti, koliflawa, vyote vilitoka mikononi mwake, na kila Jumatano alishuka navyo kwa mguu hadi Wundanyi, akapanda lori, akalala Voi kwa binamu yake, na Alhamisi asubuhi lori likampandisha tena. Alisema Kidawida nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kikamba cha kutosha kumkasirisha Katuku, mpishi wa nyumba ya wageni ya reli, ambaye ndiye aliyekuwa mnunuzi wake mkubwa.

Mzungu yule aliitwa Whitcomb. Alikuwa Mwamerika wa jimbo liitwalo Ohio, fundi wa mashine za kuchakata mkonge, na alikuwa amezunguka dunia nzima akifuata majani hayo yenye miiba: Brazili, Haiti, Tanga, na sasa shamba moja la upande wa Taveta. Lakini sanduku la vyuma vyake lilikuwa limebaki Mombasa, na stesheni masta akamwambia angoje. Ndiyo sababu akakaa Voi, kwenye nyumba ya wageni, bila kazi yoyote isipokuwa redio.

Redio hiyo ilimleta jikoni. Ilihitaji waya mrefu ili ishike sauti za mbali, na waya pekee uliofaa ulikuwa kamba ya chuma ambayo Katuku alianikia vitambaa vya meza. Whitcomb akafunga waya wake hapo, akageuza kreti ya soda, akaketi.

"Bwana Wiko," Katuku alinung'unika, maana jina lote lilimshinda, "kiti chako kiko barazani. Hapa ni kwa sisi. Wageni wengine wakikuona watasema nimekuloga."

"Waambie mboga zinanipenda," alijibu Whitcomb.

Jedidah alikuwa akimenya njegere pembeni. Hakutaka kucheka, lakini alicheka.

Ulikuwa mwezi wa Julai mwaka 1952, na huko Amerika, alieleza Whitcomb, chama chake kilikuwa kinakaribia kukutana katika mji wa Chicago kumchagua mtu atakayegombea urais. Chama hicho kilikuwa kimeshindwa uchaguzi baada ya uchaguzi, tangu yeye Whitcomb akiwa kijana mpaka nywele zikaanza kumtoka. Na kwa nini? Kwa sababu, alisema huku akigonga kreti, chama kilikuwa na wenyewe. Wakubwa wa New York na miji ya pwani ya mashariki, wenye benki na magazeti, ndio waliokuwa wakichagua mgombea kila mara, na kila mara walichagua mtu wa kuwapendeza watu wa chama kile kingine.

"Sasa kama mtu anataka chama kingine," alisema, "si atakwenda chama kingine? Kwa nini atuchague sisi tunaowaiga?"

"Na nyinyi mnataka nini?" aliuliza Jedidah.

"Sisi tunataka chama kirudi kilivyokuwa. Tunaye Seneta Taft, mtu wa kwetu Ohio. Si mzuri wa sura, hachekicheki, lakini ukiamka asubuhi utamkuta pale ulipomwacha jana. Wakubwa wamemleta Jenerali Eisenhower, kwa sababu kila mtu anampenda."

"Kumbe ni ndugu wa nyumba moja wanagombania sufuria," alisema Katuku.

"Ndiyo hivyo hasa, mpishi. Na walioishika sufuria hawataki kuiachia."

Jedidah aliacha kumenya. Kuna mambo mtu huyasikia kutoka mbali sana akayatambua kama anavyotambua kikohozi cha jirani. Hakuwa amepata kufika Nairobi, sembuse Chicago, lakini habari hii aliijua. Ilikuwa habari ya mfereji wao.

Pale Mwanda maji ya kumwagilia yalitoka kijitoni, yakapitishwa kwenye mfereji uliochimbwa na babu zao, yakazunguka kilima shamba baada ya shamba. Wenye mashamba ya mfereji huo walikuwa chama kimoja, wenye msimamizi mmoja. Sheria za zamani zilikuwa chache. Ya kwanza: zamu ya maji huanzia mkiani, kwa shamba la mwisho, maana maji yakianzia kichwani kila mtu huyaonja na wa mkiani hubaki na tope. Ya pili: siku ya kuzibua mfereji, kila mwenye shamba hushika jembe mwenyewe. Aliyeshika jembe ana haki ya kuketi ukingoni siku ya mkutano na kusema. Asiyeshika husimama kando, na maji hayapati mpaka achimbe sehemu yake.

Kisha akaja Mwalimu Obadiah. Hakuwa mtu mbaya, hata Jedidah alikiri hivyo. Alifundisha watoto vizuri, aliimba besi kanisani, na alichaguliwa msimamizi kwa kuwa alijua kuzungumza na Bwana Kilimo aliyekuja na kofia na fimbo. Lakini yeye na rafiki zake, makarani wa ofisi za Wundanyi wenye mashamba ya juu, hawakuwa na nafasi ya kushika majembe. Wakaruhusu mtu kumtuma mwingine amchimbie, na hesabu ikawa ni ileile. Mwisho wakaigeuza zamu ianzie juu, kwa kuwa Bwana Kilimo aliona hivyo ndivyo maji yanavyopenda kwenda.

Shamba la Jedidah lilikuwa la mwisho. Kiangazi kilikuwa kimeingia, kabichi zake changa zilikuwa zimeanza kukunja majani, na maji yaliyomfikia hayakutosha kunawa uso. Mambo yakiendelea vile, mboga zingekauka na yeye angemfuata Donald kwenye mkonge. Hilo hakulitaka kamwe. Alikuwa amewaona wanawake wa mkonge, na mikono yao.

"Sisi kwetu tuna mkutano," alimwambia Whitcomb. "Jumamosi ya wiki ijayo. Watu wa mkiani tunataka kumtoa msimamizi turudishe sheria ya wazee. Wananiambia nigombee mimi."

Whitcomb alisimama juu ya miguu yake mirefu, akavua kofia. "Mama," alisema, "wewe ni mtu wa Taft."

Wiki iliyofuata alishuka tena na vikapu, akakuta Whitcomb hajanyoa. Mkutano wa Chicago ulikuwa umepamba moto. Jioni hiyo alimweleza kilichokuwa kikigombaniwa, na hakikuwa urais hata kidogo, bali viti. Majimbo fulani ya kusini, Texas na mengineyo, yalikuwa yameleta makundi mawili ya wajumbe, kila kundi likidai ndilo la haki. Upande utakaopata viti hivyo ndio utakaomweka mtu wake.

"Kwa hiyo hawajahesabu bado nani anamtaka nani?" aliuliza Jedidah.

"Hawajahesabu. Wanagombania kwanza ni nani wa kuhesabiwa. Ukishinda hapo, mama, umeshinda. Watajibu kesho asubuhi kwa saa za hapa."

Jedidah hakulala vizuri kwa binamu yake. Alikuwa akiwaona makarani wa Wundanyi, mashati meupe, wakiketi ukingoni kwa haki ya majembe waliyoyashika vibarua wao. Nani wa kuhesabiwa? Mbona hakuna aliyewahi kuuliza?

Asubuhi lori lilikuwa stendi, injini ikinguruma. Alhamisi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuzibua mfereji, na alitakiwa afike Mwanda kabla ya jua kukaza. Alipita jikoni kuchukua vikapu vyake tu. Redio ilikuwa ikikoroma na kupiga mluzi, na Whitcomb ameiinamia akitafsiri. Mtu wa Georgia anasema. Sasa wanamzomea. Sasa wanaita majimbo.

"Mama Loise, lori linapiga honi," alisema Katuku.

"Nimelisikia."

"Linapiga tena."

"Katuku, mimi si kiziwi. Majimbo mangapi yamebaki, bwana?"

Lori likaondoka. Jedidah aliona vumbi lake juu ya miti, akajiambia si neno. Wifi yake Risper, dada wa Donald, ana nguvu za fahali, atamshikia jembe. Redio ilitoa kishindo kama mvua juu ya bati, na Whitcomb akaketi chini taratibu. Viti walikuwa wamepewa watu wa Jenerali.

"Wametushinda," alisema.

"Wamewashinda nyinyi," alisema Jedidah. Macho yake yalikuwa yakimetameta. "Mimi mmenifundisha."

Alifika Mwanda siku ya pili yake, baada ya kubembeleza lori la mkaa. Mfereji ulikuwa umezibuliwa. Risper alikuwa amechimba sehemu yake mwenyewe, kisha akachimba ya Jedidah, na kiuno kilikuwa kikimlalamikia.

"Ulikuwa wapi, wifi?"

"Chicago," alijibu Jedidah, akamkanda mgongo kwa mafuta huku akimweleza mpango wote.

Jumamosi mkutano ulikuwa pale pale ulipokuwa tangu zamani, mahali maji yanapoacha kijito na kuingia mfereji. Uchaguzi wa msimamizi haukuhitaji karatasi. Wagombea waliketi, mmoja ukingo huu, mwingine ukingo ule, na kila mtu akaenda kuketi upande wa mtu wake, miguu ikining'inia majini. Upande wenye miguu mingi ndio uliochukua. Ukungu ulikuwa umetanda, watu wamejifunga mashuka. Makarani walikuwa wamekuja kwa baiskeli, suruali zimefungwa kwa vibanio.

Kabla mtu yeyote hajaketi, Jedidah akajitokeza. Sauti yake ilizoea kupita juu ya honi za treni.

"Ndugu zangu, nina swali dogo. Ni nani ana haki ya kuketi hapa?"

Watu wakatazamana. Mwalimu Obadiah akakunja mikono. "Mama Loise, swali hilo umelitoa wapi?"

"Limetoka Chicago."

"Chicago ndiyo wapi?" aliuliza mzee Zephaniah, aliyekuwa msimamizi kabla ya Obadiah na ambaye masikio yake yalikuwa mazito.

"Ukishapita Mwatate," akajibu mtu nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Jedidah hakuyumba. "Mzee Zephaniah, wakati wako, aliyetuma kibarua aliketi?"

"Nini?"

"Kibarua! Aliketi?"

"Kibarua aketi aseme nini? Anayeketi ni aliyechimba. Huyo mwingine alikuwa akisimama pale," akaelekeza bakora kwenye jiwe kubwa lililokuwa kando, "na mdomo wake ameufunga. Baba yangu aliwahi kusimama pale. Alikuwa amekwenda kuoa."

Minong'ono ikapita. Watu wa mkiani wakaanza kupiga makofi. Makarani wakamtazama mwalimu wao awatetee, lakini Mwalimu Obadiah, kwa namna ambayo Jedidah hakuielewa, alikuwa akitabasamu.

"Swali la haki," alisema. "Mimi ndiye niliyelegeza sheria hiyo, na kama wengi wanataka irudi, irudi. Nani anataka irudi?"

Mikono ikaenda juu, mingi, hata ya watu wa katikati waliokuwa wamechoka kuchimba ubavuni mwa vibarua.

"Basi imerudi. Alhamisi nilikuwa darasani, sikushika jembe. Nasimama." Akaenda mwenyewe mpaka kwenye jiwe, akasimama kama askari. Makarani, mmoja mmoja, wakamfuata na baiskeli zao. Watu wa mkiani walikuwa wakirukaruka. Ndipo mwalimu akainua kidole, kama anavyofanya darasani.

"Na Mama Loise? Ataketi, au atakuja kusimama na sisi?"

Watu wa mkiani wakaacha kurukaruka.

"Alhamisi ulikuwa wapi, Mama Loise?" mwalimu aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya.

Risper akaruka. "Nilimshikia mimi! Nilichimba yangu na yake, kila mtu aliniona!"

"Tulikuona," alisema mwalimu. "Hata mimi nilikuona nikipita. Ulimchimbia vizuri sana, kama kibarua wangu alivyonichimbia mimi."

Hapo kila mtu akaelewa, na wa kwanza kuelewa alikuwa Jedidah. Akiketi kwa jembe la Risper, basi na makarani wataketi kwa majembe ya vibarua wao, na miguu itakuwa mingi upande wa juu kama miaka yote. Akisimama, hawezi kugombea, hawezi kusema, na maji hapati mpaka achimbe. Alitazama chini ya kilima. Ukungu ulikuwa umepasuka kidogo, na shamba lake lilionekana, dogo kama leso, limepauka kuliko mashamba yote. Alikuwa ameikosa siku ya jembe kwa ajili ya kusikiliza namna ya kushinda.

Akakusanya kanga yake, akatembea mpaka kwenye jiwe, akasimama kando ya Mwalimu Obadiah.

Kisha mzee Zephaniah, ambaye hakuwa amesikia nusu ya mambo, akapiga makofi kwa nguvu, akidhani kwamba wawili hao wamepatana, na kicheko kilichotoka kiliwatisha ndege kwenye miti.

Sasa mfereji haukuwa na mgombea hata mmoja. Watu wa juu waliobaki wakamweka mbele Hudson kinyozi, aliyekuwa amechimba kweli. Watu wa mkiani wakanong'onezana, wakageuka wote kwa pamoja kumtazama Risper.

"Mimi? Mimi sijui kusema mbele ya watu!"

"Umechimba sehemu ya watu wawili," wakamwambia. "Nani ana haki kukupita?"

Mtu wa juu akapinga kwamba sheria ya wazee haikuwahi kuwa na msimamizi mwanamke. Mzee Zephaniah akaulizwa, akarudiwa, akapigiwa kelele sikioni. Akafikiri. Sheria ya wazee, alisema, ilitaja jembe. Mengine hakuyakumbuka.

Watu wakaketi. Pale kwenye jiwe, walionyimwa haki ya kuketi wakanyoosha shingo.

"Mwalimu," alisema Jedidah polepole, "ulijua tangu mwanzo."

"Tangu Alhamisi. Niliona jembe lako mikononi mwa mwingine."

"Na ukanyamaza."

"Ningekuambia mapema, ungetafuta sheria nyingine ya babu zako. Mdomo wako naujua, nilikaa nao darasa moja pale misheni." Akanyoosha kidole. "Tazama. Miguu ya Risper imekuwa mingi."

"Mwalimu, umeng'olewa."

"Nimeng'olewa. Na wewe umejing'oa. Mimi angalau nina shule."

Jedidah alijaribu kukasirika. Badala yake alijikuta anacheka mpaka akamshika mwalimu mkono ili asianguke, na makarani nao wakacheka, ingawa hawakujua wanacheka nini.

Mzee Zephaniah hakukubali watu watawanyike hivi hivi. Mkutano uliomng'oa mtu huacha hasira vifuani, na hasira ikitembea na maji inaingia mashambani. Akateka maji ya mfereji kwa kibuyu, akakipitisha. Kila mtu avute funda, ateme nje kama mvua nyembamba huku akisema hana neno na mwenzake. Kwa Kidawida huitwa kutasa. Kibuyu kikamfikia Mwalimu Obadiah, mzee wa kanisa. Akakitazama.

"Mchungaji akisikia..."

"Ni maji tu, mwalimu," alisema Jedidah. "Wala si pombe. Au una hasira unataka kwenda nayo nyumbani?"

Mwalimu akavuta funda kubwa, akatema mbali kuliko wote, na makarani wakampigia makofi.

Jambo la kwanza alilofanya msimamizi mpya lilikuwa kurudisha zamu ianzie mkiani. La pili lilikuwa kumwambia wifi yake kwamba asipochimba sehemu yake, zamu hiyo itamruka, imwendee jirani, na ataisubiri mzunguko wa pili. Kabichi zisingesubiri mzunguko wa pili. Jedidah alimtazama Risper aone kama anatania. Hakuwa anatania.

Sehemu aliyopewa ilikuwa chini ya mwamba, pale mizizi inapoingia mferejini na tope hunata kama ugali. Jumatatu, baada ya shule, Mwalimu Obadiah akatokea na jembe jipya na kaptura, maana naye alikuwa na deni la kuchimba. Walichimba pamoja mpaka giza, na Jumanne tena.

"Mwalimu, jembe halishikwi kama chaki."

"Na wewe huchimbi kama unavyosema."

Risper alipita juu yao, mikono kiunoni. "Wifi, hapo kwenye kona bado."

"Huyu wifi yangu," Jedidah alimwambia mwalimu kwa sauti ya kusikika, "juzi hakujua kusema mbele ya watu."

Jumatano alishuka Voi akiwa na kabichi chache za zamani na malengelenge viganjani. Whitcomb alikuwa bado yupo, akingoja vyuma vyake, amenyoa sasa, lakini uso umemshuka. Walipata nafasi ya kuzungumza Alhamisi asubuhi jikoni, Katuku akigeuza mayai. Jedidah alimsimulia yote, na alipofika pale mwalimu alipomwita asimame kwenye jiwe, Whitcomb alipiga paja lake kwa kicheko.

"Umeshinda kwa sheria yako, na sheria yako ikakutupa nje!"

"Kilichotakiwa ni maji. Kiti nilikuwa nakitamani tu." Akavitazama viganja vyake, akakiri, "Nilikitamani sana, bwana. Na wewe? Watu wako?"

"Wamekwisha. Ijumaa ile ile wakamchagua Jenerali, mara ya kwanza tu kuhesabu." Akasugua kidevu. "Watu wetu wengine walikuwa wakilia. Wengine wamesema hawatapiga kura kabisa."

"Hawakutasa?"

Ilibidi amweleze, na kuonyesha kidogo kwa chai, Katuku akilalamika kuhusu sakafu yake. Whitcomb akaweka kikombe chini.

"Sikia, mama. Redio ilisema Jenerali alipokwisha kushinda alitoka hotelini kwake, akavuka barabara katikati ya umati, akaenda kumsalimu Seneta hotelini kwake. Walisema si desturi. Lakini hakuna aliyetema maji."

"Alivuka kwa miguu yake?"

"Kwa miguu yake."

"Basi mtu huyo ana adabu," alisema Jedidah. "Mpe muda. Ila sheria zenu msiziache. Kaeni mkiani mkizikumbuka. Iko siku watu watazitaka."

"Hilo ndilo ninaloliogopa," alisema Whitcomb, akicheka. "Siku hiyo tutaambiwa tusimame kwenye jiwe."

Honi ya lori ikalia kutoka stendi. Jedidah alikuwa tayari amekwisha kujifunga kanga.

"Kaa kidogo, mama," alisema Whitcomb. "Kuna habari za huko tangu jana. Wiki ijayo chama kile kingine nacho kinaingia Chicago, ukumbi uleule. Nao wana ugomvi wao."

Jedidah aliitazama redio, na Katuku, aliyemjua, akaacha mayai kuona atafanya nini.

"Utanihadithia," alisema. "Leo jioni maji yanafunguliwa, na shamba la kwanza ni langu. Nisipokuwepo pale na jembe, Risper atayapeleka kwa jirani bila kupepesa jicho. Yule si wifi tena, ni serikali."

Akakimbia. Whitcomb alimfuata hadi barabarani kwa hatua zake ndefu, akambebea vikapu vitupu, akamrushia juu ya magunia. Lori liliondoka likitoa moshi, likageuka kuelekea Mwatate na milima. Mzungu alibaki amesimama pale njiani, vumbi jekundu likimshukia mabegani taratibu, na kwa muda mrefu aliendelea kumsikia Jedidah akigonga paa la lori na kumwambia dereva akaze mwendo, kabichi zina kiu.